Kilo Thelathini na Sita

Mapigo thelathini na nane.

Sikitu alihesabu mara ya pili, vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wa Zaina, macho kwenye saa ya ukutani. Thelathini na nane kwa dakika nzima. Na mkono wenyewe ulikuwa baridi kama chupa iliyolala nje, ingawa jua lilikuwa limeshaingia dirishani na Zaina alikuwa amevaa gauni refu, sweta, na kitenge juu yake.

"Ngapi, yaya Sikitu?" Zaina alimwita hivyo, yaya, dada mkubwa.

"Ngoja. Umenichanganya."

Hakuna aliyemchanganya. Aliogopa kuitaja namba hiyo kwa sauti, maana namba nyingine ya asubuhi ile ilikuwa inasema kitu tofauti kabisa. Saa moja iliyopita Zaina alipanda kwenye mizani, na mizani ikaonyesha kilo thelathini na sita kamili, kilo zile zile ambazo Docteur Omer alizipanga tangu mwanzo kuwa mlango wa kurudi nyumbani. Papa yake alikuwa njiani kutoka Beni na gari, anakuja kumchukua. Sasa, mwili unaongezeka, moyo unazidi kuchoka: Sikitu alikuwa muuguzi wa miaka minne tu, lakini alijua kwamba mambo hayo mawili hayatembei pamoja.

Pavillon yao, wodi ndogo ya vitanda sita, ilikuwa nyuma ya hospitali, upande wa uwanja wa ndege wa Rughenda, mahali ambapo ndege ndogo ikishuka vioo vinatetemeka na wagonjwa wanashika vikombe vyao. Walipokelewa pale watu ambao chakula kimewageukia kuwa adui: wasiotaka kula, wanaokula na kwenda kutapika kwa siri, wanaoiogopa sahani kama wengine wanavyoogopa nyoka. Mjini watu waliwacheka waliofanya kazi pale. "Eti masomo ya kufundisha batu kula!" wenye pikipiki waliwaambia wakiwashusha getini. "Muniite mimi, nitakuwa mwalimu. Munipe tu fufu na majani ya sombe, mutaona pratique, si masomo."

Wafanyakazi wenyewe walikuwa wanne. Docteur Omer alishika moyo na damu. Solange, mtaalamu wa lishe, alishika sahani na vikombe. Ngalula, mwanasaikolojia aliyetoka Kananga na ambaye Kiswahili chake bado kilikuwa kinachechemea, alishika maneno. Sikitu alishika mizani. "Kila mutu na kipande yake," Docteur alipenda kusema. "Tukikutana saa mbili ya asubui, ile bipande inakuwa mutu muzima."

Zaina alifika wiki tisa nyuma, amebebwa mgongoni na papa yake kama mtoto wa miaka sita. Walitoka Mulekera, kule Beni. Mama yake, Hadjara, alieleza kwamba yote yalianza na Ramadhani. Mtoto alifunga vizuri, kila mtu akafurahi. Ramadhani ikaisha, akaongeza siku sita za Shawali, mama akajisifu mbele ya jirani. Baada ya hapo akafunga kila Jumatatu na kila Alhamisi. Baada ya hapo chai bila sukari. Siku moja mama aliingia bafuni bila kubisha, akaona mbavu za binti yake, akapiga kelele mpaka watu wakafikiri wauaji wa porini wameingia mtaani.

Neno lingine alilijua Ngalula, na alilileta mezani kwa ruhusa ya Zaina mwenyewe, kwa sharti wazazi wasiambiwe. Kwenye njia ya shule kulikuwa na barrière, kizuizi cha barabarani. Askari mmoja wa pale alikuwa ameanza kumwita "mama kubwa", kila asubuhi, huku akimtazama mwilini na kucheka. "Batoto badogo banapita tu," Zaina alisema. "Hakuna mutu anabaangalia." Ndivyo alivyoamua kuwa mdogo tena.

Sikitu aliachia mkono. Aliandika 38 kwenye karatasi, tarakimu ndogo, kisha akafunika kalamu.

"Basi unaenda," alisema.

"Naenda."

"Utanisahau."

"Nitakusahau namna gani?" Zaina alitabasamu. Meno yalionekana makubwa usoni mwake. "Uko wa kwanza aliniheshimu hapa."

Neno hilo lilimgusa Sikitu. Yeye naye alikuwa na mtoto nyumbani, Jéthro wa miezi tisa, na tangu azae hakuweza kumwona mtoto wa mtu yeyote bila kutaka kumpakata. Akainama, akamkumbatia Zaina kwa mkono mmoja, mkono ukapita kiunoni.

Mkono ukasimama pale.

Chini ya kitenge, chini ya gauni, kulikuwa na vitu vigumu. Vidogo, vimepangwa mstari, mstari juu ya mstari. Kwanza Sikitu alifikiri ni shanga, maana wapo mabinti wanaovaa shanga kiunoni. Lakini shanga ni nyepesi, zinateleza chini ya kidole. Hivi havikuteleza. Vilikuwa vizito, na vilibana mwili kama mkanda.

Zaina alikauka mikononi mwake.

"Yaya," alinong'ona. "Yaya Sikitu, tafazali."

Moyo wa Sikitu ulianza kukimbia, kana kwamba unataka kulipa upungufu wa ule mwingine. "Ni nini hii?"

"Hakuna kitu."

"Zaina. Ni nini?"

Macho ya msichana yalikimbilia mlangoni, kule kwenye baraza, na Sikitu akayafuata. Mama Hadjara alikuwa ameketi pale kwenye mkeka, mgongo kwao, kama alivyoketi kila siku kwa wiki tisa. Hadjara aliuza vifaa vya wavuvi. Kwa sababu biashara haingojei mgonjwa apone, alihamia hospitalini na kazi yake: alitoboa vipande vya risasi, vile vinavyozamisha nyavu, akavifunga kumi kumi kwenye kamba, ili wateja wake wa Kyavinyonge, kule ziwani, wavipate tayari. Mafungu ya kamba hizo yalikaa dirishani mwa chumba. Docteur aliyaona kila siku. Solange aliyasogeza ili aweke sinia. Mara moja Sikitu mwenyewe alichezea moja huku akiongea, akashangaa uzito wake, akalirudisha.

"Ngapi?" aliuliza.

"Nane."

"Na maji?"

Zaina akafumba macho. "Litre moja na nusu. Kila kunapokuwa kupimwa."

Kamba nane, kila moja nusu kilo. Maji. Gauni, sweta, kitenge. Sikitu hakuhitaji karatasi kuitoa hesabu hiyo. Akaketi kitandani.

Maana kosa lilikuwa lake. Kanuni ilisema mgonjwa anapimwa na kanzu ya hospitali peke yake, baada ya kwenda chooni. Wiki ya kwanza pazia la chumba cha mizani lilikuwa limepelekwa kufuliwa, na Zaina alipoambiwa avue alianza kutetemeka vibaya sana, mikono imeshika kola ya gauni. Sikitu alimhurumia. Alijua yeye mwenyewe, katika umri ule wa kubalehe, asingevua. "Basi panda na nguo zako," alimwambia, "nitatoa kilo moja." Akageuza hata uso, mtoto apande kwa amani, akasoma namba kwa kupitia begani. Pazia lilirudi baada ya siku tatu. Zaina alibaki na nguo zake, na Sikitu akabaki na uso uliogeuka. Mwanzoni aliandika pembeni: *na nguo*. Baadaye alichoka kuandika. Mwishoni alisahau hata kuitoa ile kilo moja.

"Usibaambie," Zaina alisema, na sasa alikuwa amemshika mkono kwa nguvu ambayo Sikitu hakujua kwamba bado anayo. "Papa anakaribia kufika. Mi naenda, na wewe hapana pata matata. Hakuna mutu atajua. Nitakula kule, nakuapia."

"Juu ya nini ulifanya hivi?"

"Mama aende nyumbani!" Machozi yalimtoka bila sauti. "Wiki tisa, yaya. Mudogo wangu Lukumani iko na miaka tatu. Sasa anaita shangazi 'mama'. Alisema kwenye simu, mama akasikia, akacheka, kisha akaenda kulia kwenye choo. Juu yangu. Ni mimi njo namukamata hapa."

Sikitu alitoka nje.

Kwenye baraza Hadjara aliinua uso unaong'aa kwa furaha, kidevu kikielekeza kwenye mfuko uliofungwa vizuri. "Mama Jéthro! Ile ni yenu, samaki ya kukausha, kidogo tu. Mwambie Docteur asikatae. Unajua, hata leo nimehesabu kamba zangu, zinakosa nane. Akili yangu ilibaki kwa mutoto tu, nafunga, napoteza. Hakuna neno! Leo tunalala Beni, inshallah. Dada zangu beko napika toka jana. Fufu, nyama, samaki ya mafuta, atakula mpaka atoke jasho."

"Ndiyo, mama," Sikitu alisema.

Alipita haraka, akaingia chumba cha dawa, akafunga mlango. Maziwa yalikuwa yametoka, blauzi imelowa pande zote mbili. Ndivyo mwili wake ulivyofanya siku hizi kwenye hofu, kama vile kila hatari duniani ni mtoto anayelia njaa.

Solange aliwafundisha wote jambo moja, na alilirudia mpaka wakachoka: mtu aliyekaa na njaa miezi mingi, ukimshibisha ghafla, chumvi za damu zinakimbia, na moyo unasimama. Ndiyo maana walianza na vikombe vidogo vya maziwa, kijiko kwa kijiko. Na kule Mulekera masufuria yalikuwa jikoni tangu jana, na mama wadogo watatu wenye mapenzi walikuwa wanamngojea mtoto wa mapigo thelathini na nane.

Angeweza kunyamaza. Aliwaza hivyo, haifai kusema kwamba hakuwaza. Kazi ile aliipata kwa shida, baada ya miaka ya kusoma jioni na kurudi gizani. Karatasi zilikuwa na sahihi yake, wiki tisa, kila Jumatatu. Akisema, ataonekana mbele ya wote kuwa mtu aliyefanya mizani iseme uongo. Akinyamaza, gari litaondoka saa sita, mapema, maana hakuna dereva anayetaka kukutwa na jioni kwenye barabara ile ya Beni, na baada ya siku mbili au tatu simu italia.

Alijipangusa kifua na taulo, akavaa koti, akaenda mezani, kwenye mkutano wa saa mbili.

Wenzake walikuwa wameshaketi. Kulikuwa na chupa ya chai na mandazi kwenye sahani, kwa sababu ya furaha. "Voilà patronne, mukubwa wa mizani!" Docteur Omer alisema. "Makumi tatu na sita! Kaa. Leo njo tunakunywa chai ya mutu alipona."

"Si makumi tatu na sita," Sikitu alisema. Alibaki wima. "Docteur, ile kilo si yake. Amevaa risasi za nyavu kwa kiuno. Na anakunywa maji mbele ya kupimwa. Na mi nilikuwa namupima na nguo. Toka wiki ya kwanza. Nilimuhurumia, nikageuza uso. Ni mimi."

Ndege ilikuwa inashuka Rughenda, vijiko vikalia ndani ya vikombe, kisha vikanyamaza.

"Nyamuhanga!" Solange alisema mwishowe, polepole, na kumwita Mungu kwa Kinande ilikuwa tabia yake pale mambo yanapomzidi. "Basi ndiyo ile. Wiki hizi tatu sahani zake zinarudi na chakula chini ya mifupa ya samaki. Niliona. Nikasema, lakini mizani inapanda, labda ni mimi naona mubaya."

Ngalula alikuwa ameshika kichwa. "Na mimi. Ameacha kunisemea kitu. Anasema tu 'ça va, maman, niko sawa'. Nikajiambia, mutu anaongeza kilo, basi roho yake inafunguka kidogo kidogo."

Sikitu alielewa, na kuelewa huko kulimtisha kuliko kitu chochote cha asubuhi hiyo. Namba yake ilikuwa imewafunga midomo wote. Kila mmoja aliona ufa, kila mmoja akaufunika kwa karatasi ya mizani.

"Mapigo?" Docteur aliuliza.

"Makumi tatu na munane."

Docteur alisukuma kikombe cha chai pembeni. "Ya makaratasi tutaongea kiisha. Sasa mutoto."

Walimpima upya. Safari hii Sikitu na Ngalula walishika shuka, kila mmoja upande wake, nyuso zao zikielekea ndani, na Zaina akavua huku akiwatazama kwa macho yasiyo na huruma hata kidogo. Kamba zilianguka sakafuni moja baada ya nyingine. Kiunoni ziliacha michubuko myekundu, mistari minane. Akapanda na kanzu ya hospitali, baada ya kwenda chooni mara mbili.

Ishirini na tisa na nusu.

"Nilikuamini," Zaina alimwambia Sikitu.

"Najua."

"Nakuchukia."

"Najua, leki, mudogo wangu. Shuka polepole, usianguke."

Docteur alimlaza, akaleta mashine ya kuchora moyo. Aliisoma karatasi iliyotoka kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaikunja, akaiweka mfukoni. Hakusema chochote mbele ya mtoto. Nje alisema, "Huyu hapana fika Beni," na kutoka usoni mwake Sikitu hakujua kama alikuwa anatoa amri au anatabiri.

Papa Hassan alifika saa nne na nusu. Alikuwa mtu wa mabega mapana, kofia nyeupe kichwani, funguo za gari mkononi, na alicheka tangu getini. Walimkaribisha kwenye ofisi. Hadjara aliitwa pia. Alikaa kwenye ncha ya benchi, ameshika magoti, ameshaona nyuso zao. Docteur alieleza taratibu. Hassan alisikiliza mpaka mwisho, na kicheko chake kilikuwa kimezimika katikati.

"Ngoja nielewe," alisema. "Jumatatu ingine mulinipigia simu: makumi tatu na tano na nusu, papa, uko na bahati. Leo asubui: makumi tatu na sita, papa, kuja. Nimeacha mizigo ya batu, nimekuja mbio. Sasa ni makumi mbili na kenda. Ile ingine iko wapi? Ni ninyi njo mulimukula?"

"Papa, kuna kosa lilifanyika katika équipe, timu yetu," Docteur alianza.

"Équipe iko na sura? Mi natafuta mutu."

Sikitu alisimama. "Ni mimi, papa. Mimi njo napima. Aliogopa kuvua, nikamuacha na nguo. Ilikuwa kazi yangu kuangalia, sikuangalia."

Hassan alimtazama. Ndipo Sikitu akaweka mezani zile kamba nane, na mama mtu akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Aliyajua mafundo yake.

Hassan alichukua kamba moja, akaipima kiganjani. Alikuwa amebeba samaki kutoka Kyavinyonge maisha yake yote. Aliona mawe ndani ya viroba, maji ndani ya vikapu, kila hila ambayo watu huifanyia mizani. "Mutoto wangu," alisema, lakini si kwa mtu yeyote. Kisha hasira ikarudi. "Basi ni vizuri! Kama anakufa, afie kwetu. Sitamuacha kwa batu hapana jua hata kupima. Hadjara, simama. Funga mifuko."

Hadjara alisimama. Aliitii sauti ya mume, lakini miguu haikwenda.

Docteur Omer hakubishana. Alivua stetoskopu shingoni. "Papa Hassan, mi sitafunga mulango. Ni mutoto wako. Lakini mbele ya kumubeba, kuja usikie. Dakika moja."

Walimfuata chumbani. Zaina alikuwa amelala, uso kwenye ukuta. Papa yake alipiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima yule, na Docteur akamtia stetoskopu masikioni, akaweka ncha yake juu ya kanzu. Hassan alikunja uso, akifikiri chombo kimeharibika. Akangoja. Akasikia kitu, akanyanyua kidole. Akangoja tena. Kidole kilibaki hewani muda mrefu sana kabla hakijashuka.

"Hii," Hassan alisema kwa sauti ya chini, "hii motere, hii injini, iko nataka kuzimika."

"Ndiyo, papa."

"Na ile sauti ingine? Kuna fasi, kuna pahali inaruka."

"Ndiyo. Umesikia sawa. Barabara, mitetemo, kisha chakula kingi cha furaha. Siwezi kukuapia kama itafika."

Hassan alivua chombo, akabaki amepiga magoti. Alitaka kumshika binti yake, hakujua pa kushika. "Zaina," aliita. "Zaina, mama. Juu ya nini?"

Zaina aliuambia ukuta: "Lukumani anaita shangazi mama."

Hadjara alijiziba mdomo na kitambaa chake.

"Ni mimi nabamaliza," Zaina aliendelea. "Nilitaka mama aende. Ninyi wote muende."

Ngalula alifanya ishara kwa mkono, kila mtu anyamaze, asiwepo wa kumkatalia haraka mtoto alilosema. Hassan akajikokota kusimama, akipangusa vumbi la magoti.

"Mama ataenda," alisema.

"Hassan!" Hadjara alisema.

"Utaenda leo. Nitaita dereva Muhindo kwenye parking, ataendesha gari, mutafika mbele ya jioni. Kaa na batoto. Mwambie Lukumani nani ni mama yake." Alivuta kiti cha chuma, kikakwaruza sakafu, akaketi. "Mi nitabaki hapa."

"Wewe?" Katikati ya machozi Hadjara alishindwa kujizuia. "Wewe, ulinde mugonjwa? Wanaume banabakia hospitali? Hujue hata kufua kitambaa! Utalala wapi, na wale bamama kwenye baraza?"

"Kwenye mkeka wako. Bakitaka bacheke, bacheke. Nimelala chini ya camion, lori la samaki, miaka makumi mbili."

Solange aliangalia chini ili asionyeshe tabasamu. Docteur alisafisha koo, akasema kwamba kanuni za pavillon hazikatazi. Kisha akamgeukia Sikitu, na Sikitu akajiweka tayari. "Kila baada ya saa mbili, mapigo," alisema. "Mizani kila asubui, namna ya kanuni, na Solange atakuwa pembeni. Kesho kwenye mukutano utaleta ripoti ya wiki zote tisa, umeiandika wewe mwenyewe. Hutaficha hata siku moja."

"Ndiyo, Docteur."

Hakumwambia atabaki kazini. Hakumwambia atafukuzwa. Angejua kesho.

Hadjara aliondoka saa sita na nusu. Alimbusu binti yake kwenye paji la uso, mara tatu, na Zaina hakugeuka, lakini gari lilipowashwa alisikiliza mpaka sauti ikapotea kwenye mteremko. Solange akaleta kikombe: maziwa ya dawa, nusu tu, ya vuguvugu. Walirudi mwanzo kabisa, kama siku ya kwanza, na kila mmoja chumbani alijua kwamba sasa mwanzo ulikuwa wa hatari kuliko mara ile.

Zaina alikaa, kwa sababu walimwinua. Alishika kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa.

Hassan hakujua la kufanya na mikono yake. Aliivua kofia, akaivaa, akaivua. Sikitu alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akiutazama uso wa msichana waziwazi, asiupeleke wake pembeni hata pale alipoangaliwa kwa chuki.

"Ulimwambia papa ni wewe," Zaina alisema ghafla.

"Ilikuwa mimi."

"Angeweza kukupiga."

"Niliogopa vile vile."

"Na sasa?"

"Sasa naogopa zaidi," Sikitu alisema. "Nakuogopea wewe. Kesho nitaogopa kidogo kuliko leo, kama utakunywa."

Zaina alifikiri. Kope zake zilikuwa nzito. Aliinua kikombe, akameza mara moja, koo likapanda na kushuka kwa shida, akafanya uso wa mtu anayemeza jiwe. Akangoja, akisikiliza ndani yake kama kuna kitu kitaanguka. Akameza tena. Maziwa yalibaki nusu ya nusu.

"Papa," alisema, bila kumtazama. "Kwenye njia ya shule kuna kitu mi sikukuambia."

Hassan alisogeza kiti. "Kitu gani?"

"Kuna mutu moja. Kwenye barrière."

Sikitu alianza kuinuka ili awaachie nafasi, lakini Ngalula, aliyesimama mlangoni, alimwonyesha kwa macho abaki. Hassan alikuwa amebana ukingo wa kitanda, lakini alipoongea aliongea taratibu sana, kama mtu anayepitisha gari kwenye daraja la mbao.

"Kunywa kwanza hiyo," alisema. "Utanielezea yote. Mi siendi fasi yoyote."

Zaina alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa.